Dereva wa trela aliyeanzishiwa insulini: barua ya daktari iseme nini

Swali ni la dereva wa trela, Nakuru hadi Malaba. Ana kisukari. Alikuwa kwa tembe, sasa ameanzishiwa Mixtard, insulini ya kujidunga, asubuhi na jioni, na mwajiri hampi gari hadi alete barua ya daktari. Je, kazi imeisha?

Haijaisha. Ila barua ya mstari mmoja, "ana kisukari, anaweza kuendesha," haimfai yeye wala mwajiri. Kinachopimwa si kama una sukari. Kinachopimwa ni kama sukari inaweza kukushukia ukiwa kwenye usukani na usijue. Kwa hiyo dawa ndiyo huangaliwa kwanza. Tembe za metformini peke yake ni nadra kukushusha sukari. Glibenklamidi, nayo tembe, hushusha, tena hukaa mwilini muda mrefu, basi wa tembe asimcheke wa sindano.

Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwombaji wa leseni atamke kama ana ugonjwa au ulemavu unaoweza kufanya uendeshaji wake uwe hatari. Usifiche. Vipimo vya kina vimeandikwa kwa wenzetu, na daktari wa hapa akivitumia kama rula hakosei. Uingereza iliondoa marufuku ya jumla kwa madereva wa malori wanaojidunga insulini mwaka 2011. Wanachotaka: usiwe umeshukiwa na sukari hadi ukahitaji mtu wa kukusaidia ndani ya miezi 12, uzitambue dalili zako mwenyewe, upime sukari ndani ya saa 2 kabla ya kung'oa gari, kisha kila baada ya saa 2 barabarani. Marekani ilibadilisha kanuni yake Novemba 2018: anayekutibu huangalia rekodi za miezi 3 za mashine yako ya kupima sukari, cheti hakizidi miezi 12, na retinopathi, yaani sukari kuharibu sehemu ya nyuma ya jicho, ikifika hatua kali hupewi.

Anza rekodi leo, basi. Nunua mashine inayohifadhi tarehe na saa, na uziweke sawa siku ya kwanza. Mashine inayoonyesha mwaka usio wake haimshawishi mtu. Nawa mikono kwa maji kabla ya kutoboa kidole. Ukishika mua au ndizi mbivu kisha upime, mashine itakuandikia 14 wakati damu ina 7. Kopo la stripu, vile vijiti vya kupimia damu, lifungwe mara moja, unyevu huziharibu.

Namba zenyewe, kwa kipimo cha mmol/L kwenye mashine: 5 kwenda juu, endesha. Kati ya 4 na 5, kula kitu kwanza. Chini ya 4, usiguse ufunguo. Ukihisi jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla au macho kuona mbili gari likitembea, washa taa za tahadhari, toka barabarani, zima injini, toa ufunguo, na uhame kiti cha dereva. Kunywa soda ya kawaida mililita 150, yaani nusu ya chupa ndogo, au sukari vijiko vya chai 3 hadi 4 kwenye maji. Si ya diet. Wala si karanga au chokoleti, mafuta huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Ngoja dakika 15, pima, rudia ikiwa bado iko chini. Ikipanda, kula mkate au viazi vitamu. Kisha hesabu dakika 45 tangu ifike 5 ndipo uondoke. Hapa ndipo wengi hukosea: mkono umeacha kutetemeka, lakini akili bado haijarudi kwenye kasi yake, na mteremko uko mbele.

Mixtard ina sehemu inayofanya kazi polepole. Ukidunga saa kumi na mbili asubuhi, nguvu yake huwa kubwa kuanzia karibu saa nne hadi saa nane mchana. Ndio wakati uko kwenye foleni ya mizani ya Webuye na chakula hakionekani. Beba chakula chako ndani ya kebini, usitegemee kibanda. Na usidunge mpaka ujue chakula kiko wapi, kwani hii hudungwa nusu saa kabla ya kula. Kukaza turubai na kubadilisha gurudumu pia hushusha, kwa hiyo pima baada ya kazi hiyo.

Miraa na muguka huua njaa, unaruka mlo bila kuhisi, halafu soda na bazoka za kutafunia zinakupandisha. Rekodi hubaki juu, chini, juu, na daktari hawezi kuisoma. Pombe ya usiku huzuia ini kutoa sukari, hivyo kushuka huja alfajiri. Dawa za presha kama propranololi hufunika mapigo ya moyo na mtetemo, hubaki jasho tu. Na huku magharibi kwenye malaria: kwinini nayo hushusha sukari.

Insulini usiiache kwenye dashibodi, hasa ukiteremka Ahero na Kisumu. Tumia flaski iliyosuuzwa kwa maji baridi. Barafu isiiguse, ikiganda imeharibika.

Miezi ya kwanza ya insulini macho yanaweza kufifia kwa wiki kadhaa. Usikimbilie miwani, ila usiendeshe pia. Kliniki ikikutia matone ya kupanua mboni, nenda na mtu, maana saa kadhaa hutaona vizuri. Miguu ipimwe pia. Nyayo zilizokufa ganzi hazijui klachi imefika wapi.

Barua nzuri ina haya: dawa, kipimo na saa za kudunga, tarehe ya kuanza, mara ya mwisho kushukiwa na sukari hadi kusaidiwa, au "hakuna", anatambua dalili, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3), macho na tarehe, miguu, na tarehe ya kurudi. Mpe mwajiri nakala, ubaki na yenye mhuri.