Maswali ya Wasomaji: Haki ya Kiumbe Aliyetengenezwa Maabara

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni nilitazama, pamoja na mpwa wangu anayesoma sayansi kidato cha tano, filamu ya kutisha iitwayo Splice, ambamo wanasayansi wawili wanachanganya vinasaba vya binadamu na vya wanyama hadi anazaliwa kiumbe mwenye sura ya msichana na mkia wenye mwiba. Nilikereka, nikasema kwamba filamu za namna hii zinawazoesha vijana kuona kuingilia uumbaji wa Mungu ni jambo la kawaida. Mpwa wangu akanijibu, kwa adabu, kwamba kosa haliko katika kuchanganya bali katika namna yule kiumbe alivyotendewa. Naomba utuamue. Je, kuna watu waliowahi kujaribu jambo hili kweli? — Mjomba, Morogoro.

JIBU: Ndugu yangu, katika shauri hili nasimama upande wa mpwa wako, ingawa hofu yako si ya kupuuzwa.

Kuchanganya peke yake hakutoshi kuwa kosa. Wafugaji wamekuwa wakimpandisha punda kwa farasi tangu enzi za kale na kupata nyumbu. Wagonjwa wengi wa moyo wamewekewa vali (vilango vya damu ndani ya moyo) zilizotokana na nguruwe au ng'ombe, na Januari 2022 madaktari wa Baltimore, Marekani, walimpandikiza mgonjwa moyo wa nguruwe uliobadilishwa jeni, akaishi nao takriban miezi miwili. Utu wa mgonjwa yule haukupungua hata chembe, naye alikuwa ameulizwa na kukubali.

Ridhaa hiyo ndiyo inayokosekana katika filamu mliyoitazama, iliyoongozwa na Vincenzo Natali na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Clive na Elsa, wale wanasayansi wawili, wameajiriwa na kampuni inayotafuta protini za kutibu mifugo. Wanakatazwa kugusa vinasaba vya binadamu, wanavitumia kwa siri, na baadaye tunatambua kwamba vilikuwa vya Elsa mwenyewe. Kiumbe anayezaliwa, Dren, anajifunza kupanga vibao vya herufi vikawa maneno, anavalishwa gauni, anampenda paka. Kisha ugomvi unazuka, na Elsa, aliyekuwa akimlea kama mwanawe, anamfunga kwa mikanda juu ya meza, anamvua lile gauni na kuukata mwiba wa mkia wake, huku akisimulia hali ya kiumbe huyo kama mtu anayeandika ripoti ya jaribio. Kwangu mimi hapo ndipo filamu inapotisha kuliko mahali pengine popote, maana mama anageuka kuwa mtafiti pale tu malezi yanapomshinda, na mtoto hana mahali pa kukata rufaa. Aliyemleta kiumbe duniani kwa hiari yake anawajibika kwake, na wajibu huo haufutiki kwa sababu kiumbe amekuwa mkaidi au hakufanana na matarajio.

Mawazo haya hayakuanza jana. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliandika mwaka 1896 riwaya ya daktari anayewapasua wanyama kisiwani ili wafanane na watu, wakati Waingereza walikuwa bado wakibishana vikali kuhusu upasuaji wa wanyama hai, miaka 20 baada ya sheria yao ya 1876 ya kuudhibiti. Filamu ya 1932 iliyotokana na riwaya hiyo, Island of Lost Souls, ilipigwa marufuku Uingereza hadi mwaka 1958. Wakaguzi waliona hatari kwa watazamaji. Mimi naona kwamba filamu ile, ambamo viumbe wanamvamia daktari kwa visu vyake mwenyewe, ilikuwa ikiwatetea waliopasuliwa.

Umeuliza kama jambo hili limewahi kujaribiwa. Ndiyo, tena katika ardhi ya Afrika. Ilya Ivanov, mtaalamu wa Kisovieti wa uhimilishaji wa wanyama, yaani kuwatia mimba kwa mbegu bila kupandana, alikwenda Guinea ilipokuwa koloni la Ufaransa, na mwaka 1927 akawahimilisha sokwe watatu wa kike kwa mbegu za binadamu. Hakuna aliyeshika mimba. Ndipo akapanga kuwahimilisha wanawake Waafrika hospitalini kwa mbegu za sokwe, bila wao kujua, na uongozi wa koloni ukamkatalia. Hakuna filamu niijuayo inayonitia hofu kama mpango huo. Mtu aliyezoea kumwona sokwe kuwa kifaa tu hakukawia kumwona hivyo mwanamke mgonjwa ambaye hakuwa na wa kumsemea.

Utafiti wa leo ni wa namna nyingine. Mwaka 2021 watafiti wa China na Marekani walitangaza kwamba waliingiza seli shina za binadamu, yaani seli changa zinazoweza kuwa tishu za aina nyingi, katika viinitete (mimba changa za siku za mwanzo) 132 vya kima, wakavikuza katika vyombo vya maabara bila kuvipandikiza katika mji wa mimba wowote. Kufikia siku ya 19 vilivyokuwa hai ni vitatu tu. Lengo la mbali la kazi hizi ni kupata viungo vya kuwapandikiza wagonjwa wanaokufa wakisubiri. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2008, inaruhusu viinitete mchanganyiko kwa leseni, lakini visizidi siku 14 wala visipandikizwe kwa mwanamke au mnyama. Naikubali mipaka ya aina hiyo, kwa kuwa inamzuia mtafiti kabla hajapatikana kiumbe wa kuumia.

Sasa niirudie hofu yako, maana filamu hizi zina kosa lao, ila si lile ulilolitaja. Splice inatufundisha kwa zaidi ya saa moja kumhurumia Dren, kisha mwishoni inamgeuza muuaji na mbakaji ili tushangilie anapokufa. Ni njia ya mkato ya watunzi wengi wa filamu za kutisha: mwili usio wa kawaida lazima ubebe roho mbaya. Katika nchi yetu, ambako watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa sababu ya imani zilizowaondolea ubinadamu wao, siwezi kuiona njia hiyo kuwa burudani isiyodhuru. Mtunzi ana uhuru wa kumbuni kiumbe yeyote, lakini akishamfanya ajue kupenda na kuogopa, asimtupe kama takataka kwa sababu tu dakika za filamu zimekwisha.

Kwa hiyo usimkataze mpwa wako filamu hizi. Muulize kuhusu sehemu ya mwisho, ambapo Elsa, akiwa na mimba iliyotokana na ubakaji, anakubali fedha za kampuni ili aendelee kuibeba: je, hayo ni makubaliano ya mtu huru, na ni nani aliyeketi pale kwa niaba ya atakayezaliwa? Kama nyumbani kuna wadogo zake, hao wasiitazame. Hata Marekani filamu hii iliwekwa katika daraja ambalo mtu wa chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi.