Kabla ya Kulipia Programu ya Kusimamia Kazi, Muulize Fundi Aliye Juu ya Paa

Mama mmoja wa Kilosa, mwenye nyumba ya wageni, ndiye aliyenifanya nianze kutafuta programu ya kusimamia miradi. Alinipigia simu asubuhi. "Mwanangu, vijana wako walikuja Jumanne wakapima paa. Leo wamekuja wengine, wanapima paa lilelile. Huko ofisini huwa mnaongea?"

Sikuwa na jibu. Oda yake ya sola ilikuwa imeingia kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp, ikafunikwa na picha za nyaya na salamu za asubuhi. Vipimo vya kwanza vilibaki kwenye daftari la fundi, nami nikamtuma fundi mwingine. Kutoka Morogoro hadi Kilosa, mafuta na posho vyote vikaenda mara mbili.

Tulikuwa watu 8: mafundi 5, mtu wa stoo, mhasibu na mimi. Kazi yetu ni kufunga sola, kamera za ulinzi na mtandao wa ofisi. Nilikaa na laptopu usiku mbili, nikachagua programu iliyonivutia mimi, yenye chati za kila rangi na ripoti za kila namna. Nikailipia mwaka mzima. Mwezi wa pili mafundi walikuwa wameshaiacha, na walikuwa na haki. Simu zao zilikuwa zimejaa, programu ilitaka mtandao kila ukigusa kitu, na kuandika tu kwamba kazi imeisha kulihitaji kujaza visanduku 6, vyote kwa Kiingereza. Ikawa kila jioni nawapigia mmoja mmoja, kisha najaza mwenyewe.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho ninachomshauri kila mwenye biashara ya kiufundi kama yangu: tuliachana na kompyuta kwa wiki tatu. Tulibandika karatasi ukutani na kuandika njia ambayo kazi hupita kwetu. Mteja amepiga simu, saiti imepimwa, bei imetumwa, advansi imelipwa, vifaa vimetoka stoo, tunafunga, tumekabidhi, salio limelipwa. Kila mteja akawa na kikaratasi chake kinachosogezwa. Wazo lenyewe ni la zamani. Toyota walitumia kadi za namna hii viwandani mwao Japani miongo mingi kabla ya simu janja.

Ukuta ule ulitufunulia mengi. Tulibishana karibu saa nzima kuhusu advansi, maana mtu wa stoo alikuwa akitoa inveta mteja akiahidi tu kwa mdomo, huku mhasibu akiamini hilo haliwezekani. Halafu tukaona vikaratasi vinarundikana mahali pamoja, kati ya kupima na kutuma bei. Bei nilikuwa natengeneza mimi peke yangu. Hakuna programu ambayo ingeliondoa rundo hilo. Liliondoka nilipomfundisha fundi mkuu kukokotoa bei za kazi ndogo.

Ndipo tukarudi kwenye programu, na safari hii nilimpa fundi mwenye simu dhaifu kuliko wote aijaribu. Tulizima data, akasogeza kadi na kupiga picha, tukawasha tena kuona kama kila kitu kimefika. Ukiwa na saiti upande wa Mlimba, jaribio hilo lina uzito kuliko maelezo yote ya muuzaji. Tukaishia kwenye Trello, programu ya kusogeza kadi za kazi, kwa sababu inafanana na ule ukuta na mafundi hawakuhitaji mafunzo. Kwenu huenda ikafaa nyingine. Wenye mtu wa kutunza seva waangalie OpenProject au Redmine, ambazo unaweza kuziweka kwenye mashine yako bila ada ya leseni.

Bei ipigie hesabu ya mwaka, kwa idadi ya watu. Dola 6 kwa mtu kwa mwezi inasikika ndogo, lakini kwa watu 8 ni dola 576 kwa mwaka, na dola ikipanda shilingi zako zinaongezeka bila huduma kuongezeka. Uliza pia utatokaje na taarifa zako siku ukiiacha programu hiyo. Wunderlist, programu ya orodha za kazi, ilipendwa na watu wengi, Microsoft ikainunua mwaka 2015, na Mei 2020 ikafungwa. Pakua taarifa zako siku ya kwanza kabisa, uone zinatoka katika umbo gani.

Jambo moja nalisisitiza sana: usiandike nywila za kamera za mteja kwenye kadi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu aliyekufungulia geti lake amekuamini.

Kadi ya mama wa Kilosa bado ipo. Ina picha za paa, namba za betri na tarehe ya mwisho ya waranti. Mwezi uliopita inveta yake ilianza kulia. Fundi ambaye hajawahi kufika kwake aliisoma kadi akiwa bado stendi, akarudi stoo kuchukua fyuzi inayotakiwa, akapanda basi.