Masuala ya Wasomaji: Kumsomesha mtoto habari za mbwa

SUALA: Nasomesha darasa la 4. Njiani wanafunzi wangu hupita penye mbwa wa jaani. Wavulana huwarushia mawe, wasichana hukimbia na kupiga makelele. Nataka kuwasomesha faida za mbwa na namna ya kujikinga naye, lakini baadhi ya wazazi wanasema mbwa ni najisi, hana la kusomeshwa. Nianzie wapi? (Mwalimu, Wete)

JIBU: Anzia hapo hapo penye najisi, maana ndilo suala la kwanza watakalokuuliza watoto wenyewe. Kwa madhehebu ya Shafi, najisi ya mbwa ni nzito: panapoingia mate au majimaji yake huoshwa mara 7, mara moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kavu kwa kavu hakunajisi. Mtoto akilijua hilo, hatatimua mbio kwa sababu tu mbwa mkavu kampitia karibu. Kisha wakumbushe kwamba Sura ya Maida, aya ya 4, imehalalisha kinachokamatwa na mnyama wa kuwinda aliyefunzwa, na kwamba katika hadithi ya Bukhari na Muslim, mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake cha ngozi alisamehewa dhambi zake.

Kwa faida, huna haja ya kwenda mbali. Wasasi wa Unguja hutoka na mbwa kuwasaka nguruwe mwitu wanaofukua mihogo. Pua ya mbwa ina vipokea harufu zaidi ya milioni 200, ya binadamu milioni 5 hivi. Ndiyo maana polisi humtumia kunusa dawa za kulevya, na waokoaji kuwatafuta waliofukiwa na kifusi. Dakika 10 zinatosha.

Muda uliobaki wote upe kujikinga. Chora ubaoni mbwa wawili. Mwenye hofu hubana mkia katikati ya miguu, hulaza masikio, hujilamba mdomo na kuonyesha weupe wa jicho. Mwenye hasira hukakamaa, manyoya ya mgongoni yakasimama, mkia juu. Hapa watoto wengi hukosea: wanadhani kila mkia unaotikisika ni furaha. Mkia wa juu, mgumu, unaotikisika kwa haraka, ni onyo. Wote wawili huuma, na mwenye hofu akizibiwa njia huuma bila ya kubweka.

Sasa mazoezi. Usimfanye mtoto yeyote kuwa mbwa, kwetu hilo ni tusi na litamganda. Funga kapu kamba, livute wewe mwenyewe kati yao. Kapu likija, mtoto asimame papo hapo, miguu pamoja, mikono akunje kifuani na vidole avifiche kwapani, atazame vidole vya miguu yake. Wenye ushungi wakusanye ncha zake, maana kitu kinachopepea humvuta mbwa. Mbwa akishaondoka, mtoto arudi kinyumenyume polepole. Akiangushwa, ajikunje, magoti kifuani, ngumi nyuma ya shingo, viwiko vizibe masikio. Mara ya kwanza watacheka na kulikodolea macho kapu; rudia mpaka wazoee kutazama chini, kwa sababu mbwa akikazwa macho huona anachokozwa.

Mawe yapige marufuku kabisa. Mbwa aliyepigwa jana humrukia mtoto wa leo ambaye hakurusha kitu. Wasimsogelee pia mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa au mwenye watoto.

SUALA: Mwanangu wa miaka 7 amekwaruzwa na kitoto cha mbwa. Damu ilitoka kidogo, bibi yake akampaka majivu. Kuna haja ya hospitali? (Mama, Makunduchi)

JIBU: Iko, dada, mpeleke leo hii, hata kama siku zimepita. Kitoto cha mbwa nacho huambukiza kichaa cha mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hapana anayepona. Majivu yaoshwe: jeraha chini ya mfereji, au mtu amimine maji kwa kata, kwa sabuni, dakika 15 kamili. Kirusi cha kichaa kimevikwa utando wa mafuta na sabuni huuvunja. Sindano za chanjo huanza siku inayoitwa ya 0, halafu ya 3 na ya 7. Baadhi ya ratiba hufika siku ya 28. Asikatizwe kwa sababu kidonda kimepona. Kitoto cha mbwa kisiuliwe. Kifungwe, kitazamwe siku 10, na afisa wa mifugo apewe habari.

SUALA: Naweza kuleta mbwa darasani? (Mwalimu, Chake Chake)

JIBU: Hapana. Watoto wengi na kelele humtisha, na wanafunzi wanakwenda chuo cha Kurani mchana, hawatakiwi kuondoka na mate nguoni. Siku ya chanjo ya mbwa katika shehia, wapeleke watazame kwa mbali. Waeleze kwamba lengo ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, vitoto navyo vikiwemo. Hapo Pemba kichaa kiliwahi kwisha baada ya chanjo, kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, kikaondoshwa tena kwa chanjo. Mtoto ambaye kwao kuna mbwa amwambie mzazi ampeleke mbwa huyo na kamba shingoni, na kamba aishike mtu mzima.