Kirungu chekundu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni mazungumzo gani hatuchoki kuyarudia tukikutana na marafiki. Sisi tuko wanne, na yetu ni ya safari za ndege tunazozirusha wenyewe nyumbani, kwenye kompyuta. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakaa uani kwa mzee mmoja hapa Tabata, fundi magari mstaafu. Chai ikishawekwa, kila mtu anaeleza alikotoka, alikotua na alipokosea. Mzee ndiye aliyetuingiza wote. Yeye anatumia FlightGear, programu inayopatikana bure, na mpaka leo haoni sababu ya kuihama. Mimi natumia Microsoft Flight Simulator ya 2020, ambayo ardhi yake imejengwa kwa picha za setilaiti.

Safari yangu ya mwezi huu ilikuwa Arusha kwenda Seronera, katikati ya Serengeti, kwa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja. Nimezoea kurukia Dar, uwanja ulio karibu sawa na bahari. Pale unasukuma kirungu cheusi cha moto, yaani cha nguvu za injini, hadi mwisho, unasubiri kasi ifike noti 55, yaani kama kilomita 100 kwa saa, kisha unavuta usukani taratibu. Arusha nikafanya vilevile, matangi yamejaa, mchana wa jua kali. Ndege ikajikokota. Mngurumo ulikuwa mzito na mshale wa mizunguko ya injini uligoma kupanda. Iliponyanyuka njia ya kurukia ilikuwa inakaribia kwisha, nikaenda kugonga miti ya mbele.

Nilirudia mara tatu kabla sijaelewa. Uwanja wa Arusha uko zaidi ya futi 4,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Mafuta niliyokuwa nikiyamwaga ni ya kipimo cha Dar, hewa ya kuyachoma haitoshi. Sasa, pembeni ya kile kirungu cheusi kuna chekundu, ambacho ukikivuta kinapunguza mafuta yalingane na hewa. Dar sikuwahi kukigusa ila wakati wa kuzima injini. Safari hii nikasimama mwanzo wa njia, breki nimezikanyaga, moto wote mbele, nikawa nakivuta chekundu kidogo kidogo. Pakafika mahali sauti ikatakata, mshale ukapanda bila mimi kugusa kingine chochote. Mwili ulinisisimka, nasema kweli. Nikaachia breki.

Nilipanda hadi futi 10,500. Anayeruka kwa kutazama nje, akielekea magharibi, hushika maelfu ya shufwa na kuongeza 500, asije akakutana uso kwa uso na anayetoka huko. Ziwa Manyara likatokea, na nyuma yake ukuta wa Bonde la Ufa. Ukuta ule niliwahi kuupanda kwa basi kutoka Mto wa Mbu, kona baada ya kona, nisione zaidi ya vichaka na mgongo wa kiti cha mbele. Kutoka juu ni mstari mmoja unaokwenda kaskazini mpaka macho yanakoma. Ukingo wa Ngorongoro ulikuwa umefunikwa na mawingu, nikapita kusini yake, mlima Oldeani mkono wa kulia, Ziwa Eyasi kushoto.

Kutua Seronera nusura kunishinde. Kipimo kilisema noti 65, kasi ileile ninayotulia Dar, lakini ardhi ilikuwa inapita kwa zaidi ya 70. Ni ile hewa nyepesi tena: inadanganya kipimo, na njia ya kokoto inakwisha mapema kuliko ulivyohesabu.

Dada mmoja kati yetu, muuguzi, yeye mwezi huu alikuwa Lukla, Nepal. Njia ya mita 527 tu, inapanda mlima, na mwisho wake ni mlima wenyewe, hakuna kughairi ukishakaribia. Alijaribu mara tisa akatua mara moja, na zile nane ndizo tulizomtaka azisimulie kwa kituo. Kijana wetu wa chuo alipoteza safari nzima ya Mombasa kwenda Lamu baada ya umeme kukatika akiwa juu ya Malindi.

Nilipomaliza yangu, Mzee akaniuliza, "Mwanangu, ulipoteremka, kile chekundu ulikirudisha?"

Sikukirudisha.

"Seronera imekusamehe kwa sababu nayo iko juu, futi 5,000 na ushee. Ungekuwa unateremkia Dar, injini ingekufa njaa."

Jumamosi hii narusha Arusha hadi Dar, zaidi ya saa mbili. Nikifika Handeni naanza kushuka, na kukisukuma chekundu kidogo kidogo. Dada muuguzi ameomba aje nyumbani akae pembeni yangu asikilize injini.