Mafuta mazito yamegombana tangini

SWALI: Boila ya kiwanda chetu hutumia mafuta mazito, yale meusi ya daraja la 380. Juzi tuliletewa shehena mpya tukaimimina juu ya masalio yaliyokuwamo tangini. Kesho yake machujio yakaanza kuziba kila baada ya saa chache, yamejaa tope kama lami. Muuzaji anasema mafuta yake yamepimwa na ni safi. Nani mkweli? — Msomaji, Changamwe

JIBU: Huenda nyote mnasema kweli. Mafuta ya aina mbili yanaweza kuwa mazuri kila moja kivyake, yakikutana yakagombana.

Mafuta ghafi hupashwa moto hadi nyuzi 350 au 370 hivi, yakaingia kwenye mnara wa kuyatenganisha. Petroli, mafuta ya taa na dizeli hupanda kama mvuke. Yasiyochemka hubaki chini, na humo ndimo yanamotoka mafuta yenu. Hapo hapo kwenu Changamwe, kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta, kazi hiyo ilifanywa tangu 1963 hadi 2013. Ndani ya mabaki hayo mna asfalteni, chembe nzito zinazoelea kwa kuwa zimevikwa resini, yaani viambata vinavyonata. Yakiingia mafuta yenye parafini nyingi (si mafuta ya taa, bali viambata vya jamii ya nta), kama dizeli, vazi hilo huwavuka chembe hizo likatoka, chembe hushikana na kuzama. Ndiyo maana tunawasihi: msiongeze dizeli ili "kulainisha". Mara nyingi tope huzidi.

Kwanza hakikisheni si baridi tu. Tieni tope kidogo kwenye kopo, mliweke ndani ya maji yanayokaribia kuchemka. Likiyeyuka likawa maji maji, ni nta iliyoganda: tangi lilipoa. Lipasheni hadi nyuzi 45 au 50, na kwenye kichomeo mafuta yafike nyuzi 115 hadi 130, kwa kufuata mwongozo wa kichomeo chenu. Likibaki uji wenye chembechembe, ni asfalteni.

Kipimo cha ugomvi wenyewe ni rahisi, nacho kilitakiwa kufanywa kabla ya kumimina. Changanyeni ya zamani na mapya kwa uwiano ule ule wa tangini, pasheni hadi nyuzi 95 huku mkikoroga, kisha dondosheni tone moja kwenye karatasi ya kuchujia ya maabara. Ikausheni ndani ya oveni ya nyuzi 100 kwa saa moja. Doa la rangi moja toka katikati hadi ukingoni ni salama. Mkiona kiini cheusi ti, kimezungukwa na duara la kahawia, msichanganye.

Kwa kuwa yameshachanganyika, asfalteni iliyokwisha kuzama hairudi. Kama kuna shehena ambayo bado haijamiminwa, iwekeni tangi jingine; toeni maji na tope lililotuama chini ya tangi, mchome yaliyomo polepole huku mkibadilisha machujio kwa zamu.

Shehena ijayo, kingeni sampuli tone kwa tone tangu pampu inapowashwa hadi inapozimwa. Ifungwe kwa lakiri mbele ya muuzaji, chupa moja yenu na moja yake.