Mtihani wa kidato cha pili huanza mtoto anapotoka darasa la saba

Nafundisha Kiingereza katika sekondari ya serikali huku Mbagala. Kila ikifika Septemba, darasa la saba wakishaweka penseli chini, wazazi huniuliza swali lile lile: mwalimu, huyu mtoto nimpeleke wapi mpaka Januari? Nalijibu hapa kwa kirefu, maana tukikutana njiani kila mtu ana haraka.

Kwanza tuujue mtihani unaomsubiri. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili miaka yote saba. Kiingereza kwake kilikuwa somo moja kati ya masomo sita ya mtihani wa kumaliza, na hata humo maswali mengi ni ya kuchagua, ya kutia kivuli herufi kwa penseli ya HB. Anaweza kufaulu vizuri bila kuwahi kutunga aya hata moja ya Kiingereza. Januari anaingia kidato cha kwanza. Novemba ya mwaka unaofuata anakaa kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, na Biolojia, Jiografia, Fizikia, Kemia, zote anaulizwa kwa Kiingereza na anatakiwa ajibu kwa Kiingereza, kwa sentensi zake mwenyewe. Chini ya alama 30 ni F. Asiyefikia kiwango cha ufaulu anakariri kidato.

Kwa hiyo karibu kila karatasi ni mtihani wa Kiingereza, hata kama juu imeandikwa Biolojia.

Mwaka jana nilikuwa nasimamia jaribio la Biolojia kwa niaba ya mwenzangu. Binti mmoja alinakili swali zima la photosynthesis kwa mwandiko mzuri, akalipigia mstari kwa rula, akaandika namba ya jibu, na hapo kalamu ikasimama mpaka muda ukaisha. Baada ya kukusanya karatasi nikamwuliza kwa Kiswahili mmea unajitengenezeaje chakula. Alinieleza mwanga wa jua, maji, hewa ya kabonidayoksaidi na kijani cha majani, kwa mpangilio kuliko wengi wenye alama za juu. Usanisinuru anaujua tangu shule ya msingi. Karatasi yake ilipata sifuri, na mwalimu aliyesahihisha hakuwa na namna nyingine, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusahihisha. Jambo hili linaniuma, na sioni haki mtoto huyu apimwe sawasawa na mwenzake aliyeanza Kiingereza chekechea. Sera ya Elimu ya 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, na naendelea kuamini hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini wa kwako anaingia darasani Januari hii, na karatasi atakayopewa iko kwa Kiingereza.

Ndiyo maana sikubaliani na zile tuisheni za pre-form one zinazomkimbiza mtoto kwenye Fizikia na Kemia kuanzia Oktoba. Hizo atafundishwa shuleni. Miezi ile minne mtafutie mtu wa kumfundisha Kiingereza tu: kusoma, kusikiliza, na zaidi ya yote kuandika sentensi kamili kila siku. Ukikuta darasa ambalo mwalimu anaandika ubaoni na watoto wananakili kutwa nzima, mtoe. Kunakili tayari anakujua.

Shule zikifunguliwa, awepo tangu siku ya kwanza. Wiki za mwanzo za kidato cha kwanza zimetengwa kwa kozi ya Kiingereza ya kuwavusha kutoka Kiswahili, na kila mwaka napokea watoto wanaokuja kozi imeisha kwa sababu sare ilikuwa haijashonwa. Mlete hata na sare ya shule ya msingi.

Nyumbani je, kama mzazi hujui Kiingereza? Kuna mama anayeuza chapati karibu na shule yetu, mwanawe nilimfundisha. Jioni akikanda unga, kijana anakaa pembeni na kitabu, anasoma aya moja kwa sauti. Mama anamwuliza, "Haya, kimesemaje?" Anamweleza kwa Kiswahili. Akibabaika, mama anamwambia arudie kusoma, maana kubabaika kunasikika hata kwa asiyejua lugha. Kisha anaandika sentensi mbili tatu za Kiingereza kuhusu alichosoma, na kesho yake ananiletea mimi nizipitie. Darasa lina wanafunzi zaidi ya sabini, siwezi kuwafuata wote, lakini anayeniletea daftari simrudishi. Walimu wengi ninaowafahamu wako hivyo. Mwambie mtoto asiogope kugonga mlango wa ofisi.

Akifika kidato cha pili, msisitizo uhamie kwenye maagizo ya maswali. "List" inataka ataje tu. "Explain" inataka ataje kisha aeleze, na "differentiate" inataka pande zote mbili zilinganishwe. Watoto wengi hujibu yote kwa kutaja, wanaachia alama mezani huku jibu wanalo kichwani. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake, bure, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na ndani yake kuna picha za majibu halisi yaliyoandikwa na watoto, mazuri na mabaya, pamoja na sababu za kupata au kukosa alama. Kwangu taarifa hizo zina thamani kuliko vijitabu vingi vya maswali na majibu vinavyouzwa mjini. Zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo akae nazo na mwalimu au kaka aliyemaliza kidato cha nne.

Kama hamna simu ya intaneti, wenye stesheneri jirani na shule watakupakulia na kuchapa. Usichape miaka kumi. Chukua taarifa ya mwaka mmoja ya Biolojia na ya Jiografia, pamoja na mitihani yake, na mtoto afanye maswali yale yale mara ya pili baada ya kusoma walipokosea wenzake.