TV ya chogo, simu zilizokufa na boksi la waya: nivipeleke wapi bila kulipa sana?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Nyumbani nina TV ya chogo, simu 4 mbovu, laptopu, maikrowevu na boksi limejaa chaja na waya. Kituo cha kuchakata taka za elektroniki kinanitoza kwa mzigo wote. Hakuna njia nafuu?

JIBU: Ipo. Usiupeleke mzigo wote kwa pamoja, maana humo kuna vitu vinavyolipa na kimoja kinachokula hela. Vitenganishe kwanza.

Mali yako iko kwenye simu na laptopu. Saketi zake zina shaba, pamoja na dhahabu na fedha kidogo, kwa hiyo wachakataji wengi huzipokea bure. Kabla ya hapo jaribu fundi simu: hata simu isiyowaka huenda ina kioo au kamera nzima anayoihitaji kama spea. Laptopu, kama tatizo lake ni kwenda polepole tu, iwekewe SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) badala ya diski ya kuzunguka, na itamfaa mwanafunzi miaka kadhaa. Ikiwa imekufa kabisa, toa diski ubaki nayo, kwani picha na nyaraka zako bado zimo. Simu inayowaka, iondoe kwanza kwenye akaunti yako, ndipo uifute yote.

Waya na chaja wauzie wa vyuma chakavu zikiwa hivyohivyo. Tafadhali usizichome ili upate shaba. Plastiki yake ikiungua hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi. Maikrowevu nayo ina chuma na shaba ya kutosha kumvutia mnunuzi. Ila usiifungue mwenyewe: kapasita yake huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa plagi. TV ya chogo ni hivyohivyo.

Na hiyo TV ndiyo inayokuongezea ada. Kioo chake kina madini ya risasi yenye sumu, mara nyingi zaidi ya kilo moja, na tangu TV bapa zienee karibu hakuna anayekihitaji tena. Ukikaribia kununua TV mpya, muulize muuzaji kama anachukua ya zamani. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sheria inamtaka aipokee bure. Akitokea mtu wa kuibeba bure bila maelezo, muulize kioo anakipeleka wapi. Wengine hung'oa shaba na kukitupa korongoni, risasi ikaishia kwenye udongo na maji. Bora ulipie hicho kimoja.

Betri za simu na laptopu zishughulikie leo. Usizitupe kwenye pipa. Zikibanwa ndani ya gari la taka huweza kuwaka moto. Zibandike selotepu kwenye ncha zake za umeme. Iliyovimba usiitoboe wala kuichaji. Iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na vitu vinavyoshika moto, na uwaambie kituoni kabla hujaipeleka.